Kumtunza Mtunzi Asiyekuwepo Ukumbini: Mwongozo wa Hakimiliki kwa Bendi, Madijei na Wenye Baa

Bendi inapougusa wimbo wa zamani unaopendwa, watu huinuka mezani na noti mkononi kwenda kutunza. Mwimbaji hubandikwa noti pajini, mpiga solo hutiliwa yake mfukoni, na dijei hutumiwa kinywaji. Mwenye baa huwaangalia wahudumu wake wakikimbizana na oda. Kila aliyemo ukumbini amepata chake. Aliyeutunga wimbo hayumo. Huenda yuko Tabora, huenda alishafariki na aliyebaki ni mjane wake na watoto. Noti ya kutunza haina miguu ya kumfuata huko.

Mrabaha ndiyo njia iliyowekwa na sheria ili naye atunzwe. Njia hiyo hupita mikononi mwa watu watatu: anayepiga wimbo, mwenye mahali unapopigiwa, na mtunzi mwenyewe. Mmoja akikosea, fedha hazifiki. Mwongozo huu unaeleza kazi ya kila mmoja wao kwa kufuata sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Wanaofanya kazi Kenya wameandikiwa sehemu yao karibu na mwisho.

1. Wimbo mmoja, haki zaidi ya moja

Mtu anaposema "wimbo huu ni wangu", muulize: upi? Utunzi, au rekodi?

Utunzi ni melodi na maneno. Mwenye haki hapo ni mtunzi, au watunzi kama walikuwa zaidi ya mmoja. Hii ndiyo hakimiliki yenyewe. Rekodi ni sauti iliyonaswa studio siku fulani, na waimbaji fulani, kwa gharama ya mtu fulani. Haki za waimbaji, wapigaji ala, watayarishaji wa rekodi na vituo vya utangazaji huitwa hakishiriki, kwa kuwa wameshiriki kuufikisha utunzi masikioni mwa watu.

Tofauti hii ina maana kubwa kazini:

- Bendi inayopiga kopi jukwaani inagusa utunzi. Rekodi ya asili haikutumika.
- Dijei anayecheza rekodi ile ile anagusa utunzi na rekodi kwa pamoja.
- Mwenye studio anayekata kipande cha rekodi na kukitia kwenye biti yake anagusa vyote viwili, na anahitaji ruhusa za pande zote mbili.
- Anayeuweka wimbo kwenye tangazo la biashara au filamu lazima apatane moja kwa moja na wenye haki. Leseni ya kupiga muziki baa haihusu jambo hilo.

Haki hizi huanza kazi inapokamilika. Sheria haimtaki mtunzi asajili ndipo alindwe. Usajili una faida nyingine: ni ushahidi pakitokea ugomvi, na bila jina lako kwenye daftari hakuna anayejua mrabaha uende kwa nani. Kumbuka pia kuwa wazo halilindwi. Mtu yeyote anaweza kutunga wimbo wa msichana aliyeolewa na tajiri. Asichoweza kuchukua ni melodi yako na maneno yako.

2. Wimbo wa zamani si wimbo wa bure

Kosa linalosikika zaidi kwa wapiga kopi ni kudhani kuwa "zilipendwa" hazina mwenyewe. Sheria inaulinda utunzi katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo ukiwa na watunzi wawili, hesabu huanzia kifo cha wa mwisho.

Fanya hesabu hiyo kwa majina unayoyajua. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Franco Luambo alifariki Oktoba 1989; tungo zake zinafika 2039. Marijani Rajabu alifariki 1995. Za kwake ni hadi 2045. Hao wote wangali na haki zao, na zimerithiwa. Rekodi nayo ina umri wake, miaka 50, lakini hesabu yake haifuati kifo cha mtu. Ndiyo maana rekodi ya zamani yaweza kumaliza muda wake huku utunzi uliomo ungali unalindwa.

3. Nakala ya nyumbani na nakala ya kazini

Sheria inamruhusu mtu kujitengenezea nakala kwa matumizi yake binafsi. Umenunua CD, ukaihamishia kwenye simu ili uisikilize njiani kuelekea kazini: huna kosa. Umeweka nyimbo zako kwenye flashi ili uzisikilize ndani ya gari lako na familia yako: huna kosa.

Ruhusa hiyo hukoma nakala inapotoka mikononi mwako au inapoingia kazini. Kijana wa kibandani anayewajazia wateja nyimbo kwenye memori kadi kwa bei fulani hafanyi nakala binafsi. Anafanya biashara ya kunakili, hata kama kila mteja atazisikiliza nyumbani kwake. Dijei anayekopi maktaba ya mwenzake ili akaifanyie kazi harusini naye yuko nje ya ruhusa. Vivyo hivyo anayerusha wimbo mzima kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu. Kutotoza fedha hakuufanyi ugawaji huo kuwa wa binafsi.

Hapa kuna mambo mawili yanayowachanganya watu.

La kwanza ni tozo. Nchi kadhaa hutoza kiasi fulani kwenye vifaa vya kunakilia ili kuwafidia watunzi kwa nakala za majumbani. Ujerumani ilianza mwaka 1965, wakati wa mashine za kurekodia tepu, na Tanzania nayo sasa ina tozo ya hakimiliki kwenye vifaa. Mnunuzi wa flashi asifikiri kwamba kwa tozo hiyo amenunua ruhusa ya kuuza nyimbo. Hiyo ni fidia ya nakala za nyumbani, wala si leseni ya biashara.

La pili ni programu za kusikilizia muziki. Masharti ya akaunti ya mtu binafsi ya Spotify, kwa mfano, yanaruhusu matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Meneja wa baa anayeunganisha simu yake na spika za ukumbi amevunja masharti hayo hata kama analipia akaunti kila mwezi.

4. Hadharani ni wapi?

Kupiga muziki hadharani kunahitaji ruhusa. Kipimo cha sheria si ukubwa wa spika wala kiingilio mlangoni. Kipimo ni watu: je, wanaosikia, au wanaoweza kusikia, wako nje ya mzunguko wa kawaida wa familia na jamaa wa karibu? Kama ndivyo, hapo ni hadharani.

Kwa kipimo hicho baa ni hadharani. Hali kadhalika mgahawa, hoteli, saluni, ukumbi wa mazoezi, duka la nguo, basi la mkoani na daladala. Mwenye saluni atasema hamtozi mteja fedha za muziki. Ni kweli, lakini muziki umewekwa ili mteja akae bila kuchoka, na kukaa kwake ndiyo riziki ya saluni.

Hoja hiyo ina historia. Mwaka 1847 jijini Paris, mtunzi Ernest Bourget alikaa kwenye mgahawa uliokuwa ukitumbuiza wateja kwa tungo zake, kisha akakataa kulipia kinywaji: kama mgahawa unautumia wimbo wake bila kumlipa, naye atakunywa bila kulipa. Mahakama ilimpa haki. Kutokana na kesi hiyo kikazaliwa SACEM mwaka 1851, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi nchini Ufaransa hadi leo. Vyama vya nchi mbalimbali vimeunganishwa katika shirikisho la CISAC na huwekeana mikataba ya kuwakilishana. Kwa njia hiyo mrabaha wa wimbo wa Kinshasa unaopigwa Dar es Salaam unaweza kuvuka mpaka.

Harusi ndiyo inayoleta maswali mengi. Sherehe ya sebuleni kwa ndugu wa karibu ni ya kifamilia. Ukumbi wa kukodi wenye wageni mia nne waliochangishwa kwa kadi ni jambo jingine, na ukumbi pamoja na dijei wako pale kibiashara. Kamati ya harusi iulize mapema: je, ukumbi una leseni ya muziki? Dijei je? Jibu lao liandikwe kwenye makubaliano.

5. Nani alipe?

Mzigo wa leseni humwangukia anayefaidika na mahali: mwenye baa, hoteli au ukumbi, au promota aliyeandaa shoo. Bendi iliyoalikwa kwa ujira haitarajiwi kuulipia ukumbi leseni. Lakini bendi inayokodi ukumbi na kukusanya kiingilio yenyewe imegeuka promota, na mzigo umeihamia.

Biashara inayopiga muziki siku zote huhitaji leseni ya mwaka, na kiwango hutegemea aina ya biashara. Shoo ya siku moja huombewa yake. Kabla ya kulipa, zingatia haya:

- Usichanganye vibali. Leseni ya biashara ya halmashauri haimlipi mtunzi, na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) cha onesho la sanaa hakimlipi. Leseni ya hakimiliki ni karatasi nyingine.
- Jua unamlipa nani. COSOTA ilianza kama Chama cha Hakimiliki Tanzania, ikisimamia sheria na kukusanya mirabaha kwa wakati mmoja. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yaliigeuza kuwa Ofisi ya Hakimiliki na kufungua mlango kwa taasisi za wenye haki kukusanya na kugawa mirabaha. Katika muziki iko TAMRISO. Ofisi ya Hakimiliki itakuambia ni taasisi gani yenye leseni ya kukusanya mwaka huu.
- Anayekuja kukagua aoneshe kitambulisho. Malipo yapite benki au kwa namba ya malipo, usimpe mtu fedha mkononi, na dai stakabadhi yenye jina la biashara yako.
- Weka nakala ya leseni kaunta. Zamu ya usiku ikikaguliwa wakati wewe umelala, mhudumu awe na cha kuonesha.

6. Orodha ya nyimbo: karatasi inayobeba fedha

Hapa ndipo mambo mengi huharibikia. Mwenye ukumbi amelipa, ofisi imepokea, fedha zipo. Zigawiwe kwa nani? Ofisi haikuwepo ukumbini. Isipoambiwa nyimbo zilizopigwa, itagawa kwa kufuata taarifa ilizonazo, na taarifa rahisi kupatikana ni za redio na televisheni. Wimbo unaovuma redioni utalipwa, na ule uliowainua watu mezani Ijumaa hautalipwa. Januari 2022, COSOTA ilipogawa mirabaha ya shilingi milioni 312, hesabu ilitokana na muziki uliopigwa kwenye vyombo vya utangazaji.

Kwa hiyo kila kiongozi wa bendi awe na daftari, na kila dijei ahifadhi orodha kutoka kwenye kompyuta yake. Kwa kila wimbo andika:

1. Jina la wimbo kamili, na jina la mtaani kama unalo.
2. Jina la mtunzi. Aliyeuimba siye mtunzi kila mara, na hili ndilo linalokosewa zaidi. Nyimbo nyingi za bendi kubwa zilitungwa na mpiga gitaa au mwimbaji wa nyuma, zikavuma kwa jina la bendi.
3. Bendi au mwimbaji wa rekodi ya kwanza.
4. Tarehe, mahali, na ulipigwa mara ngapi.
5. Kama ilikuwa jukwaani au ni rekodi.

Nyimbo 30 za usiku mmoja huandikika kwa dakika chache wakati vyombo vinafungwa. Bendi ikiwa na mpangilio wake wa kila wiki, tengeneza fomu moja, toa nakala, uwe unatia alama tu. Fomu zipelekwe kwenye taasisi inayokusanya mirabaha, na nakala ibaki kwa mwenye ukumbi.

Bendi nyingi hupiga tungo zake na za wengine usiku uleule. Kiongozi anayeacha kuandika orodha anajinyima mwenyewe kwanza.

7. Mtunzi: fanya haya kabla wimbo haujatoka

Ugomvi wa mirabaha huanzia studio, siku ambayo kila mtu anacheka na hakuna anayetaka kuonekana mchoyo. Siku hiyohiyo, kabla ya kuondoka, andikeni karatasi ya mgawo: nani katunga maneno, nani melodi, nani katengeneza biti, na kila mmoja ana sehemu gani ya utunzi. Wote watie saini.

Tuseme mmekubaliana mtunzi wa maneno na melodi apate asilimia 50, aliyeongeza ubeti na kiitikio 30, na prodyuza 20. Ukija mrabaha wa utunzi wa shilingi 120,000, mgawo ni 60,000, 36,000 na 24,000. Hakuna wa kumpigia mwenzake simu kwa hasira. Prodyuza aliyelipwa ujira wake wote na kukubali asiwe na sehemu ya utunzi, hilo nalo liandikwe.

Baada ya hapo:

- Sajili utunzi na rekodi, kila kimoja kwa wenye nacho. Majina yawe yaleyale ya kwenye kitambulisho. Jina la jukwaani liwekwe pembeni.
- Omba namba ya ISRC kwa kila rekodi. Ina herufi na tarakimu 12, na ndiyo inayozitambulisha rekodi mbili zenye jina moja zisichanganywe.
- Tenganisha mifuko. Fedha zinazokuja kupitia msambazaji wa mtandaoni aliyepeleka wimbo wako Boomplay au YouTube ni mfuko mmoja. Mrabaha wa wimbo kupigwa redioni, baa na jukwaani ni mfuko mwingine. Kuwa na msambazaji hakukusajili kwenye huo wa pili.
- Waambie wa nyumbani. Haki hii hurithiwa, na warithi wasiojua wimbo umesajiliwa wapi hawatajua pa kwenda kudai.

8. Usiuze mti kwa bei ya tunda

Kuna tofauti kati ya kumpa mtu ruhusa ya kuutumia wimbo na kumhamishia haki zako zote. Ruhusa ina mipaka: kazi gani, nchi gani, muda gani. Kuhamisha ni kuuza mti wenyewe. Ukiona kwenye mkataba maneno kama "haki zote, milele, duniani kote", weka kalamu chini utafute wa kukushauri.

Mfano mchungu ni wa Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 yeye na kundi lake walirekodi "Mbube", na haki za wimbo zikaenda kwa kampuni kwa kiasi kinachotajwa kuwa shilingi 10. Melodi hiyo ilizunguka dunia kwa jina jingine, "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Ilifika 2006 ndipo warithi wake wakapata makubaliano ya malipo, baada ya mawakili kutumia kipengele cha sheria ya zamani ya Waingereza kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Usitegemee mkataba wako nao utapata kipengele cha kuuokoa.

Hata ukiuza, kuna haki inayobaki kwako: kutajwa kuwa mtunzi, na kupinga wimbo wako usiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Bendi zinazopiga kopi zilikumbuke hilo. Kumtaja mtunzi kabla ya wimbo kuanza ni sekunde tano, na ni haki yake.

9. Ngoma na nyimbo za asili

Nyimbo za jando, za kuvuna na za kubembelezea watoto hazina mtunzi anayejulikana, lakini haziko shambani bila mwenyewe. Zikiimbwa na jamii yenyewe katika mila zake, hakuna ruhusa inayohitajika. Zikitolewa nje ya mila hizo kwa ajili ya faida, kama kurekodiwa na kuuzwa, sheria inataka kibali, na kwa Tanzania Bara mlango wa kubisha ni BASATA. Ukiupanga upya wimbo wa asili kwa gitaa na kinanda, mpangilio huo ni wako. Wimbo wenyewe unabaki wa jamii. Usijisajili kuwa mtunzi wake.

10. Ukivuka kwenda Kenya

Kenya ina sheria yake ya 2001, na msimamizi ni KECOBO. Muda wa ulinzi wa utunzi ni uleule, maisha na miaka 50. Kwa miaka mingi mirabaha imekusanywa na vyama vitatu: MCSK kwa watunzi na wachapishaji, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Vyama hivi hufanya kazi kwa leseni ya KECOBO, na leseni zimewahi kufutwa. Kabla ya kulipa au kujiunga, uliza KECOBO nani ana leseni sasa. Kwa upande wa miito ya simu, marekebisho ya sheria ya 2022 yalimpa mwenye wimbo asilimia 52 ya mapato.

Kabla ya Ijumaa

Mwenye baa: angalia kama leseni ipo na tarehe yake haijapita. Kiongozi wa bendi: chukua daftari, andika nyimbo mtakazopiga, na mbele ya kila wimbo jina la mtunzi. Usipolijua, waulize wazee wa bendi wakati wangalipo. Dijei: tenga nyimbo ulizozipata kihalali na zile za flashi ya kuazima. Mtunzi: tafuta karatasi ya mgawo, na kama haipo, wapigie wenzako leo.

Watu watainuka mezani na noti zao kama kawaida, na mwimbaji atatunzwa. Vyombo vikishafungwa, kiongozi wa bendi akae dakika kumi na daftari lake. Jina la mtunzi likiandikwa pale, noti ya aliyeko Tabora nayo imeanza safari.